Uji wa Saa Kumi

Baba yangu alirudi kutoka machimbo ya Masara akiwa hai, na hilo ndilo jambo ambalo ukoo wetu haukumsamehe. Aliondoka na mdogo wake, wa tumbo moja, wakiwa na sururu mbili na blanketi moja. Akarudi bila mdogo wake, amekaa katika lori la mahindi ubavuni mwa baba mkubwa aliyekwenda kumchukua, udongo mwekundu umemkaukia masikioni. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na miwili. Nilikimbia kumpokea, naye akanitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina.

Kwetu ni upande wa Rodi Kopany, si mbali na barabara itokayo Homa Bay kwenda Rongo. Uhuru ulikuwa bado kidogo tu kufika, na vijana wengi wa kwetu walikuwa wakishuka Migori na kuingia Suna kutafuta dhahabu. Haikuwa kazi ya kampuni. Mtu alichimba shimo shambani, akakusanya wenye nguvu, wakashuka kwa kamba na taa ya mafuta, na udongo ukapandishwa kwa ndoo kwenda kuoshwa katika karai. Baba na mdogo wake walituambia wangekuwa nyumbani kabla ya mvua za kupanda. Mvua ikawatangulia. Shimo liliporomoka wakiwa chini. Baba akatolewa siku ya pili. Mdogo wake hakutolewa. Tuliambiwa kwamba kuta zilikuwa zinaendelea kubomoka, kwamba kuchimba zaidi kungeua wengine, na kwamba mwenye shimo alilifukia kwa huruma. Hivyo ndivyo baba mkubwa alivyotueleza, kofia yake mkononi, na hakuna aliyemuuliza swali, wala habari za ng'ombe dume mweusi aliyeingia bomani mwake siku zile, aliyesema ni mahari.

Mwanzoni watu walikuja. Walileta kuku, walileta mtama, wazee wa kanisa la mama yangu, Waadventista, walikuja siku ya Sabato wakaomba kwa sauti ndefu. Baba alikaa nao akitazama mlango. Akishawasindikiza hakurudi ndani. Hakuweza kukaa mahali palipofungwa. Wiki ya tatu aling'oa mlango wa nyumba yetu, akauegemeza kwenye mti, na tukaishi hivyo, mbuzi wakiingia na kutoka. Wakati mwingine nilimkuta shambani amelala kifudifudi, sikio moja ardhini. Nikimwita aliniinulia mkono ninyamaze.

Kisha maneno yakaanza. Kwetu mkubwa ndiye hutangulia kwenye hatari na ndiye hubaki nyuma mdogo apate kutoka. Wanawake kisimani waliuliza, si kwa ubaya, walisema, ila kutaka kujua tu: ilikuwaje mkubwa akatoka na mdogo akabaki? Mama alishika ndoo yake akaondoka. Lakini swali likikaa kisimani haliondoki.

Baba alipoanza kunywa chang'aa, niliona kitu ambacho sikukielewa mpaka nilipokuwa mtu mzima. Watu walipata nafuu. Mpaka hapo walikuwa na mtu aliyeumizwa mbele yao na hawakujua wamfanyie nini. Sasa walikuwa na mlevi, na mlevi kila mtu anajua la kumfanyia. Wazee wa kanisa waliacha kuja. Watoto walimfuata njiani wakiiga mwendo wake. Baba mkubwa alikuja nyumbani, akasimama uani bila kuketi, akamwambia mama, "Shemeji, nimefanya niwezalo. Mtu asiyejisaidia nani atamsaidia?" Mpaka leo sijui ni nini hicho alichokifanya.

Miaka ikaenda hivyo. Uhuru ukaja, tukaimba barabarani, baba akiwa amelala mtaroni karibu na hapo tulipoimbia. Mimi nikamaliza darasa la saba, nikakaa nyumbani.

Pale sokoni Rodi Kopany palikuwa na mjane aliyepika chang'aa. Kwa Kijaluo mjane huitwa mke wa kaburi, na huyu alikuwa amekataa kurithiwa na ndugu za mumewe, kwa hiyo hakuwa hata mke wa kaburi. Hakuwa mke wa chochote. Alijenga kibanda nyuma ya soko na kuishi kwa pipa na bomba lake. Baba alikuwa mteja wake. Mama alimchukia mwanamke yule kwa chuki safi, ya kila siku, kama mtu anavyosali.

Halafu ndugu wa huyo mjane, kaka yake pekee, akaja kumtembelea, akanywa, macho yakaingia giza, na kabla ya jioni ya pili akafia mikononi mwa dada yake. Ilikuwa pombe yake mwenyewe. Walipomaliza mazishi kwao, mjane alirudi sokoni, akamwaga kila kitu alichokuwa nacho kwenye mtaro, na kwa muda wa majuma kadhaa kibanda kilikuwa kimefungwa. Mama alisema Mungu si Athumani. Nilimsikia akisema hivyo akitabasamu.

Siku moja ya soko mjane yule akaja kwetu. Alisimama nje ya boma mpaka mama alipomwona. Mama alikuwa akipepeta wimbi, na hakuacha kupepeta.

"Umefuata nini hapa?"

"Nimemfuata mume wako," mjane alisema. "Mlete kwangu saa kumi. Saa ile ile aliyokuwa akija."

"Umebakisha nini cha kumuua?"

"Ninapika uji. Wa wimbi, na ukwaju. Wapo wengine wanakuja." Alitazama chini. "Mimi najua saa zao. Ikifika saa kumi, miguu inawaleta yenyewe. Wakikuta nimefunga wanakwenda kwa mwingine. Sasa sifungi."

Mama alimwambia aondoke, na akaondoka. Lakini siku ya tatu mama alinipa kikapu cha wimbi akaniambia nikampelekee yule mwanamke, na nikitaka nikae nimsaidie kusaga. Hakusema zaidi ya hapo. Jioni hiyo hiyo akamshika baba mkono, baba akiwa ananuka, akamleta mwenyewe mpaka mlangoni, akarudi nyumbani bila kumwangalia mwenye nyumba.

Hivyo ndivyo nilivyopata kukiona kibanda kile, kwa sababu jiwe la kusagia lilikuwa nje, karibu na mlango, na mlango haukufungwa kamwe. Viti vilikuwa vile vile vya wanywaji, vibao vilivyong'aa kwa kukaliwa. Vikombe ni vile vile. Walikuja wanaume saba, wanane, siku nyingine wanne. Palikuwa na fundi wa baiskeli aliyemzika mke na mapacha mwaka mmoja. Palikuwa na mzee aliyepigana vita vya Wazungu huko ng'ambo, ambaye sahani ikianguka alijitupa chini ya kitanda. Palikuwa na Mkuria mmoja mrefu aliyekuwa akipakia malori Isebania, aliyekimbia kwao baada ya wezi wa ng'ombe kuchoma nyumba ikiwa na mama yake ndani. Huyo hakujua Kijaluo vizuri, kwa hiyo maongezi mengi ya pale yalikuwa kwa Kiswahili, Kiswahili chetu cha kuvunjikavunjika, na mimi niliyekuja kukifundisha baadaye mbele ya ubao bado naamini sijawahi kukisikia kikifanya kazi kubwa kuliko ile.

Mjane hakuwahubiria. Hakujua mahubiri. Aliwapa uji, moto, mchachu, akawaacha. Aliyekuja akitetemeka alishikiwa kikombe. Aliyekuja amelewa hakufukuzwa. Aliketishwa karibu na mlango apate upepo, na hakuna aliyemcheka, maana kila mmoja alikuwa ameshakalia kiti hicho. Baba alikikalia sana. Miezi ya kwanza alikuja mzima siku moja, amelewa siku tatu. Kisha ikawa nusu kwa nusu. Kisha nikaona siku zinapita bila mtu kukaa mlangoni.

Nyumbani alianza kufanya mambo madogo. Alinoa jembe. Alimuuliza mama kama chumvi imekwisha. Mara moja alicheka na mbuzi. Mama alikuwa akinituma na wimbi kila juma sasa, na siku moja akanikabidhi pia kipande cha samaki. "Mpe yule," alisema. Hakuweza bado kumwita dada wala shemeji.

Mchana mmoja wa mvua ya rasharasha, nikiwa nimesogeza jiwe chini ya ukingo wa paa, baba alizungumza. Hakuulizwa. Mzee wa vita alikuwa amesimulia jambo lake, na ndipo baba akasema, "Wangu alikuwa akiongea."

"Nani?" mjane aliuliza.

"Mdogo wangu. Udongo ulianguka kati yetu. Mimi nilikuwa upande wenye upenyo, yeye upande wa pili. Aliniuliza kama taa yangu inawaka. Nikamwambia inawaka. Haikuwa inawaka. Akaniomba maji. Baadaye akawa anaimba, halafu anaomba maji tena."

Niliacha kusaga.

"Walipotoboa juu yangu wakanivuta, niliwaambia, na huyu yuko hapa, tulieni tu mtamsikia. Mwenye shimo akasema nimekosa hewa, kichwa kimeruka. Kaka yetu mkubwa alikuwa ameshafika. Alipiga magoti pale. Akatega sikio."

"Alisikia?" yule Mkuria aliuliza.

"Alivua kofia," baba alisema. "Alikaa hivyo, kofia kifuani. Kisha akainuka, wakaenda kando na mwenye shimo, wakazungumza. Waliporudi wakaanza kufukia. Mimi nilishikwa na watu. Nilikuwa nawaambia bado anaongea. Walikuwa wanafukia na yeye anaongea."

Hakuna aliyesema pole. Mjane alichukua kikombe cha baba, akakijaza tena, akamwekea mkononi na kuushikilia mkono wake mpaka kikatulia. Kisha akamuuliza, "Alikuwa anapenda nini, huyo mdogo wako?"

Baba alifikiri. "Kuku," alisema. "Na kuimba. Na alikuwa hajui kuimba." Na akalia, kilio cha mtu mzima kisicho na aibu, na wenzake walikunywa uji wao wakimsubiri.

Nilimweleza mama yote, maana alikuwa mkewe na alistahili kujua alikuwa akiishi na nini. Alinisikiliza akiwa amesimama. Kesho yake alifunga kitambaa cha kanisani kichwani, akaenda kwa baba mkubwa, nami nikamfuata. Baba mkubwa wakati huo alikuwa ameshakuwa mtu wa chifu; alikuwa na kiti chenye mikono na nyumba ya mabati. Mama hakuketi.

"Shemeji," alisema, "yule ng'ombe dume mweusi uliyekuja naye baada ya Masara, ulituambia ni mahari. Alikuwa mahari ya nani?"

Baba mkubwa alimtazama, kisha akanitazama mimi. "Nani amekutuma?"

"Hakuna. Nauliza tu. Sikumbuki msichana aliyeolewa mwaka ule."

"Mume wako ni mlevi," alisema. "Maneno ya mlevi ni matapishi. Ukiyaokota utachafuka mikono wewe."

"Siku hizi hanywi."

"Ndiyo," baba mkubwa alisema polepole. "Nimesikia. Nimesikia wanakutana."

Hapo ndipo nilipaswa kuogopa, lakini nilikuwa mdogo na nilidhani tumeshinda.

Ilikuwa miaka ile ambapo siasa zilikuwa zimepasua Nyanza Kusini. Palikuwa na chama cha serikali na palikuwa na kile kingine, na watu wa kwetu wengi walikuwa wanadhaniwa kuwa wa kile kingine hata wakiwa wamelala. Mkusanyiko bila kibali ulikuwa kosa. Harusi iliombewa kibali. Juma lile lile chifu alikuja kibandani na askari wawili, saa kumi kamili, uji ukiwa motoni. Baba mkubwa hakuja. Hakuwa na haja.

"Huu ni mkutano wa nini?" askari mmoja aliuliza. Hakuwa mtu wa kwetu.

"Hakuna mkutano," mjane alisema. "Tunakunywa uji."

"Uji? Wanaume wazima wote hawa hawana bibi nyumbani wa kuwapikia?"

"Wengine hawana," fundi wa baiskeli alisema.

"Na mnaongea nini mkikunywa hiyo uji?"

Wangemjibu nini? Yule mzee wa vita alijaribu. Alisimama, akapiga saluti, akasema, "Afande, tunaongea mambo ya zamani." Askari wakacheka. Chifu hakucheka. Alikuwa mtu ambaye kwa miaka mingi kila mpika pombe wa soko lile alimpitishia kitu ili asisumbuliwe, na mjane huyu alikuwa ameacha kupitisha, maana alikuwa hana tena cha kufichiwa. Alizunguka nyuma ya kibanda. Akaliona lile pipa la zamani. Lilikuwa limejaa maji ya mvua. Mimi mwenyewe nilikuwa nikichota humo.

"Na hili?"

"Ni la maji, mzee."

"Lilikuwa la nini?"

Alikuwa mwanamke asiyejua kusema uongo mahali ambapo uongo ungemwokoa. "Lilikuwa la chang'aa," alisema. "Zamani."

Walimwaga maji, wakalibeba pipa, wakambeba na yeye. Paa la kibanda waliliwashia kiberiti wakiondoka, nyasi zilikuwa mbichi kwa mvua, zikafuka moshi kwa muda mrefu kabla ya kushika moto.

Kesi ilisikilizwa Homa Bay, katika ghala la pamba lililoazimwa, na hakimu wa zamu ambaye uso wake siukumbuki. Wale wanaume wote walikwenda kumtolea ushahidi. Walitembea kwa miguu tangu alfajiri, wamefua mashati. Baba alikuwa wa kwanza kuitwa. Ghala lile lilikuwa na mlango mmoja wa chuma, na walipokuwa ndani karani aliufunga kwa sababu ya kelele za soko. Nilimwona baba akigeuka kuutazama. Nilijua kinachokuja na sikuweza kufanya lolote. Nilikuwa nimekaa nyuma kwenye magunia.

Akaanza kutetemeka. Mikono kwanza, kisha magoti. Jasho likamtiririka. Hakimu alimuuliza kama mshitakiwa alikuwa akimuuzia pombe, naye akafungua kinywa, sauti haikutoka. Akajaribu tena. Akasema tu, "Fungueni mlango. Tafadhali, fungueni."

"Shahidi huyu amelewa," hakimu alisema.

Hakuwa amelewa. Alikuwa na miezi mingi hajaonja tone. Mjane, kutoka pale aliposimama na askari, alisema kwa sauti, "Mfungulieni mlango, atasema." Akaambiwa anyamaze. Watu walikuwa wanacheka, na baba akatolewa nje, na mashahidi waliomfuata wakaulizwa swali moja tu, kama ni kweli wao pia walikuwa walevi, na kila mmoja alijibu ni kweli, maana ndicho walichokuwa wamezoea kukiri katika kibanda kile bila kuona aibu. Mjane akahukumiwa kifungo kwa kupika chang'aa. Alifungwa kwa kitu ambacho yeye peke yake sokoni alikuwa amekiacha.

Mtu angedhani kwamba wanaume wale walisambaa. Hawakusambaa mara moja. Walikuwa wakikutana mtoni, ng'ombe wakinywa maji, wawili wawili, kwa sababu watatu wangeitwa mkutano. Mama alipika uji nyumbani saa kumi na kumpa baba chupa ya kwenda nayo. Aliupika vibaya, ukwaju mwingi mno, na baba akawa anausifu. Nadhani wangeweza kuendelea hivyo. Nimewaza sana jambo hili, na bado nadhani wangeweza.

Lakini baba mkubwa aliitisha ukoo. Alisema mdogo wao aliyebaki Masara hajalala. Alisema ndiyo maana mambo ya nyumba yetu yanaharibika, ng'ombe wanakufa, watu wanaropoka, kwamba hatukumzika. Sasa tuzike, tumalize maneno. Kwetu mtu asiyepatikana mwili huzikwa kwa tunda la yago, lile refu zito linaloning'inia kwenye mti wa mwegea. Hulazwa kaburini mahali pake na kuliliwa kama mtu. Kwa mara ya kwanza tangu Masara nilimwona baba anamshukuru kaka yake. Alichimba kaburi lile mwenyewe, yeye aliyekuwa hawezi kuingia shimo la choo. Alishuka mpaka mabegani, akapanda, akatapika, akashuka tena. Alikuwa mzima kabisa.

Tulimlaza yago. Wanawake walilia. Baba alisimama ukingoni na nikamwona akisema kitu chini kwa chini, kirefu, na uso wake ulikuwa umetulia kuliko nilivyowahi kuuona. Kisha pombe ikaletwa, pombe ya mtama ya mazishi, na baba mkubwa akachota kibuyu na kumpelekea yeye mbele ya watu wote.

"Wewe ndiye uliyekuwa naye," alisema. "Umwage kidogo, unywe. Umuage."

Mama alisogea. "Mpeni maji. Atamuaga kwa maji."

"Maji?" baba mkubwa alisema. Alikuwa mpole sana. "Aliyekufa akiomba maji, leo unataka tumwagie maji?"

Ni yeye aliyesema hivyo. Hakuna aliyekuwa amewahi kumweleza kwamba mdogo wao aliomba maji. Baba aliyasema hayo kibandani tu, na mama hakuyarudia siku ile alipouliza habari za ng'ombe. Alijua kwa sababu alipiga magoti pale na akasikia. Baba alimtazama kaka yake. Nilisubiri aseme. Mama naye alisubiri, nilimwona ameshika mdomo. Ukoo mzima ulikuwa unatazama kibuyu, na pengine hata mmoja wao hakulisikia neno lile lilivyokuwa.

Baba alimwaga kidogo kaburini, kisha akanywa. Akanywa chote.

Hakurudi tena. Aliendelea kuishi nasi, alikula tulichompa, lakini mtu aliyekuwa akinoa jembe na kuuliza habari za chumvi sikumwona tena. Yule mjane alipotoka gerezani hakukaa Rodi Kopany; Mkuria yule alimtafutia chumba Isebania, akawa anauza mahindi ya kuchoma kwa madereva mpakani. Mama alinichukua tukaenda kumwomba arudi. Alitukaribisha vizuri, akatupa kiti. Alikuwa amekonda, na mdomoni alikuwa na mapengo.

"Dada," mama alimwambia, na hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kumwita hivyo, "njoo hata kwangu. Upikie uani kwangu."

"Na wakija na pipa?"

Mama alianza kukunja ncha ya leso yake.

"Mimi nilikuwa na nguvu ya mara moja," mjane alisema. "Nilidhani ni nyingi. Mlete yeye hapa, nitamkalisha nitakavyoweza." Lakini baba hakukubali kupanda gari lililofungwa, na kwa miguu hakuweza tena.

Baba alifariki kabla ya muongo ule kwisha, wakati wa mvua, njiani akitoka kunywa. Mazishini kila mtu alisimama. Mzee wa kanisa alieleza jinsi walivyomwombea. Chifu alisema serikali ilijaribu kuokoa vijana na pombe haramu. Baba mkubwa alisema alimbeba mdogo wake mgongoni maisha yote. Mjane alikuwa amefika kutoka Isebania, amekaa nyuma kabisa kwenye jua, na hakuna aliyemwita aseme. Mama aliinuka mahali pake karibu na jeneza, akapita katikati ya watu wote, akamshika mkono, akaja kumkalisha kwenye mkeka wa wafiwa. Minong'ono ilikuwa mingi. Mjane hakukaa sana. Alimuuliza mama kama baba alikuwa bado akimwota mdogo wake, mama akamwambia ndiyo, naye akatikisa kichwa na kwenda kutafuta gari kabla chakula hakijapakuliwa.

Baba mkubwa aliishi miaka mingi baada ya hapo, akawa mzee wa kanisa, na alipokufa magari yalijaa mpaka barabarani. Walimsifu kwa mapenzi yake kwa ndugu zake wawili waliotangulia. Mimi nilikuwa mwalimu wakati huo na niliomba ruhusa ya siku tatu shuleni. Wake na mabinti wa ukoo ndio hupika. Nilisonga ugali wa watu wale wote, nikapakua, nikanawisha wageni mikono, na mtu aliponiambia pole kwa kumpoteza baba mkubwa, nilisema asante.